Nilikwenda Kigali Kukipima Kipimo

Niliondoka Ngara kwa sababu ya mama mmoja mjamzito ambaye tulimwambia hana homa ya ini. Kipimo kilikuwa kipya, kimeletwa na wakala mwenye maneno matamu, na mimi ndiye niliyesoma mstari na kuandika "hana". Mtoto alizaliwa, hakupewa kinga ya siku ya kwanza, na baadaye tukakuta wote wawili wana kirusi. Tangu hapo kila kifaa kipya kinachoingia maabara yetu nakitazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo barua ilipokuja kutoka Kigali, kwamba kuna watu wametengeneza kisanduku kinachotambua kirusi cha homa ya ini B kwa kutumia mwanga, tena kwa dakika chache, mganga mkuu wetu hakutafuta mbali.

"Stella, nenda wewe," alisema. "Wao watakuonyesha wanachotaka ukione. Wewe tazama kingine."

Jumatatu asubuhi nilivuka daraja la Rusumo kwa miguu, maji ya Kagera yakinguruma chini. Ng'ambo magari yanapita kulia, na saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Nilirekebisha saa yangu, nikapanda basi, na njia nzima, kilima baada ya kilima, niliandika maswali. Yalifika kumi na moja.

Mchana nilipokelewa kituoni na Bi Espérance, mkemia aliyebuni hicho kisanduku. Alilelewa Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. "Pole na safari, dada. Utakaa kwangu Kagarama, hotelini utakuwa mpweke." Alinipikia ndizi, akaniuliza habari za wanangu. Kadiri alivyonikirimu ndivyo nilivyozidi kujikaza. Yule wakala naye alikuwa mkarimu.

Jumanne tulishuka Gikondo. Maabara yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, jirani na gereji, nyundo zikigonga bati mfululizo. Fundi wao, Innocent, mwanamume mrefu mpole, alinifungulia kisanduku. Ndani mlikuwa na taa ndogo ya buluu na kipande cha kioo kilichopakwa utando mwembamba sana.

"Taa inapiga hapa, kioo inatoa umeme kidogo," alieleza. "Juu ya kioo tumeweka kitu ya kunasa virusi. Virusi ikinasa, inaziba, umeme inashuka. Ni hivyo tu, mama."

Alipima sampuli tano za damu mbele yangu. Zote zilitoka sawa na daftari lao. Lakini niliona mambo mawili. Kabla ya kila kipimo alisoma lebo ya kichupa. Na kabla ya kuanza alifunga pazia la dirisha.

"Pazia la nini?" niliuliza.

Alimtazama Bi Espérance kwanza. "Ni utaratibu, mama."

Jibu lile sikulipenda. Usiku nililala nalo.

Jumatano asubuhi nilimwambia Bi Espérance kwamba leo lebo nitabandika mwenyewe, na wao watoke nje.

"Huniamini," alisema.

"Sikutumwa kuamini, dada."

Alinipa funguo za friji. Nilichagua vichupa saba vyao, nikavibandika namba zangu. Cha nane nilikijaza damu yangu mwenyewe. Nilitaka sampuli safi ambayo hawakuwahi kuiona, na baada ya miaka kumi na tisa ya kazi ya maabara, niliijua damu yangu.

Innocent alirudi ndani, akapima. Saba za kwanza alizipata zote. Kwenye ya nane umeme ulishuka.

"Hii iko na virusi," alisema.

Naona haya kusema, lakini nilifurahi. Nilimwita na Bi Espérance, nikawaambia wote wawili: "Huyo mliyempa ugonjwa ni mimi."

Innocent alibadilisha kioo, akarudia. Umeme ukashuka tena. Hapo nikainuka, nikafungua pazia, jua likaingia hadi mezani, nikamwambia apime upya kichupa cha pili, ambacho tulijua kina kirusi. Kisanduku kikasema hamna kitu.

"Utaratibu," nilisema.

Bi Espérance aliketi. "Kasha halijazibwa vizuri. Jua likipenya, umeme unapanda. Tunalijua, na tulipaswa kukwambia jana. Niliogopa utaondoka." Kisha akasema taratibu: "Lakini dada, mwanga wa nje unakifanya kisione kirusi kilichopo. Haukifanyi kione kisichokuwepo."

Nilitaka kubishana. Badala yake nilisema damu yangu ikapimwe kwingine.

Alhamisi tulipeleka damu yangu kwenye maabara kubwa mjini, wanakotumia njia ya kawaida. Tulipita Kimihurura, barabara safi, maua yamekatwa sawasawa, na mimi moyoni bado nilikuwa naandika ripoti ya kuwakataa. Jioni tuliitwa. Karatasi ilisema ninacho kirusi.

Nilikumbuka sindano iliyonichoma kidole miaka mingi nyuma, zamu ya asubuhi yenye foleni ndefu. Niliosha kidole nikaendelea na kazi. Nilikumbuka pia kuwa chanjo nilichomwa mbili, ya tatu nikaiahirisha. Bi Espérance alinishika mkono. "Ihangane," alisema, neno lao la kumpa mtu pole.

Ijumaa Innocent alinisindikiza kituoni. "Mama, mimi nilitaka kisanduku ndiyo iwe imekosa," alisema.

Ndani ya basi niliandika ripoti. Niliandika kwamba kisanduku tusikipokee mpaka kasha lizibwe, kwa kuwa zahanati zetu zina madirisha, na asiyejua habari ya pazia ataandika "hana" kama nilivyoandika mimi. Niliandika pia kwamba pazia likiwa limefungwa kilipata sampuli zote nane, na ya nane nikaeleza ni ya nani. Mkono ulisita hapo, lakini niliandika. Nilijifunza kwamba nilikuwa nimetilia shaka kila mtu na kila kifaa, isipokuwa mahali pamoja, na kirusi kilikuwa kimekaa hapo hapo.

Jumamosi nilimweleza mume wangu, Damas, tukiwa jikoni. Alinisikiliza, na kabla sijamaliza alikuwa ameshakunja mkono wa shati.

"Nipime," alisema.

Nilimwambia twende kwa mwenzangu wa zamu. Siku hiyo sikutaka jibu lake lisomwe na mtu aliyekuwa akiomba liwe "hana".