Swali la Kwanza la Lazar Crasta

Jioni za Kwaresima, mgeni wa mazungumzo alipomaliza maneno yake kwenye ukumbi wa parokia yetu hapa Mangalore, shingo zote zilimgeukia Lazar Crasta. Yeye ndiye aliyeuliza swali la kwanza. Hakuna aliyempa cheo hicho. Mwaka ule mazungumzo yalipoanza, daktari mmoja kutoka Bengaluru alizungumza saa nzima, akauliza kama kuna swali, na sote tukainamia viatu vyetu. Lazar, aliyekuwa msimamizi kwenye kiwanda cha vigae, sauti yake imezoea kushindana na mashine, alimwonea huruma. Akasimama na kuuliza lililomjia: "Daktari, na wewe hizo dawa zako huwa unazimeza?" Ukumbi ukaangua kicheko, mikono ikaanza kuinuka, na daktari akaenda zake amefurahi.

Tangu hapo mama Hilda Rebello, mwalimu mstaafu ambaye kazi yake ni kualika wageni, akamtengea Lazar kiti cha pembeni, mstari wa tatu. Sisi wengine tukabweteka. Hata mwenye swali linalomkereketa kooni alimngoja Lazar afungue njia. Kumtangulia ingekuwa sawa na kujipakulia kabla ya mwenye nyumba. Tulikuwa wavivu, nasema wazi, na uvivu huo ulikuja kumgharimu mtu.

Kwaresima moja mama Hilda alimkuta Lazar barazani kwake anamenya popoo za kutafunia tambuu.

"Nimempata mgeni wa Jumapili ya nne," alisema. "Utafurahi."

"Nani? Yule profesa wa kutulaza usingizi?"

"Padri Valerian. Mdogo wako."

Lazar aliendelea kumenya. "Kumbe njia ya huku bado anaikumbuka."

"Lazar, usianze. Umewahoji maaskofu bila kupepesa jicho, leo umwogope Vali uliyembeba mgongoni?"

"Simwogopi. Mwache aje."

Hakumwogopa, alikuwa na kinyongo naye. Mama yao alipolala kitandani masika mawili mazima, Lazar ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamgeuza. Lakini mwanamke yule, akili ikishamtoka, aliita jina la Vali tu. Vali wakati huo alikuwa misheni milimani Assam, mwisho wa nchi. Mama akafa, na Vali hakuja kumzika. Aliwapigia simu watu wa parokia akasema mito imefurika na barabara imekatika. Lazar alisema mito hupungua, na toka siku hiyo simu ya mdogo wake hakuipokea tena. Swali alilokuwa nalo lilikuwa moja: kwa nini hukuja? Alilikalia miaka yote hiyo, naye ni mtu asiyeshindwa kumuuliza yeyote neno lolote.

Jumapili ya nne ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Padri Vali alikuwa amekonda, kanzu imemning'inia, sauti ndogo. Alitusimulia vijiji vya kule, shule ya mianzi, watoto wanaovuka maji na madaftari kichwani. Alizungumza kwa ufupi kuliko mgeni yeyote tuliyewahi kumpata, kama mtu mwenye haraka ya kufika mahali. Kisha akashika kingo za meza, akatazama mstari wa tatu.

"Nadhani kuna swali," alisema.

Lazar alikunja mikono kifuani. Aliniambia baadaye kwamba hakukusudia kunyamaza kabisa. Alitaka tu mdogo wake angoje kidogo, aonje kungojeshwa kulivyo, halafu angesimama. Lakini kadiri alivyokaa ndivyo kusimama kulivyozidi kuwa kugumu. Pangaboi lililia juu yetu. Mama Hilda alikohoa, akamkazia macho. Nami nilikuwa na swali langu kuhusu ile shule, tena zuri, nikalimeza, kwani ningemtanguliaje mtu kwa ndugu yake wa damu? Nadhani nusu ya ukumbi iliwaza hivyo hivyo.

Padri Vali alitabasamu. "Basi, nimewachosha," alisema. Akatubariki, akashuka. Uji wa mchele na achari ya embe ulipoanza kugawiwa, Lazar alikuwa ameshatokea mlango wa ubavuni. Asubuhi yake padri alipanda treni, na kabla mvua hazijaanza tukaletewa habari kwamba moyo wake umesimama. Walimzika huko huko milimani.

Baada ya misa ya kumwombea, Denzil Pinto, kijana wetu mwenye bajaji ambaye huwapokea wageni stesheni, alimkaribia Lazar uani.

"Anko Lazar, pole. Alikuwa mtu wa utani. Siku ile njiani nilimuuliza kama hotuba iko tayari, akasema hotuba si kitu, yeye amekuja kwa ajili ya swali. Alisema, 'Kaka atasimama aniulize kwa nini sikuja, na mimi nitamjibu mbele ya watu wote, nimwombe radhi. Halafu nami nimuulize langu.'"

"Lipi lake?"

"Kama mama aliwahi kumwita."

Lazar alishika nguzo ya bajaji iliyoegeshwa kando yao. "Na wewe ukanyamaza? Mbona hukuniambia, Denzil?"

"Nilijua utauliza, anko. Wewe si huuliza siku zote?"

Mzee alilia pale uani, hadharani, bila kujificha. Tulimwacha alie, tusijue pa kuweka mikono yetu.

"Alimwita," alisema mwishowe. "Kila siku alimwita. Alikuwa akiuliza, 'Vali, umekuja?' Na mimi namwambia, 'Nimekuja, mama.' Alikufa akijua Vali yuko naye, ameushika mkono wangu."