Kaki ya Magome

Mzungu mmoja wa Iringa, mwenye shamba la tumbaku, alikuwa na vijiaskari vya sanamu, vya madini ya risasi, kila kimoja urefu wa kidole. Aliniita mimi nivipake rangi, maana mji mzima haukuwa na mkono kama wangu. Shule niliishia darasa la pili, lakini rangi naijua.

Vilikuwa askari weusi wa Mjerumani wa vita vile vya zamani, na bwana alitaka niwavike kaki ya kijani, kama kitabu chake kilivyosema. Nikamwambia, "Bwana, vita ilipokaza nguo ziliwaishia. Walichemsha magome ya miti wakatia kitambaa cheupe cha marekani humo. Baba yangu alikuwa askari wao; koti lake liko nyumbani, rangi yake kama chai ya maziwa."

Akacheka mbele ya wageni wake. "Wewe kapake vyoo."

Nilivipaka kijani chake, vizuri kabisa. Kisha nyumbani nikachonga askari wa mti, nikatandaza koti la baba magotini, nikachanganya rangi mpaka zikalingana. Nikawa natembea naye mfukoni.

Siku moja napaka madirisha ya yule bwana, akafika mgeni wake kutoka Mbeya, afisa mzee aliyepigana na askari wale. Alivitazama vile vya kijani, akasema, "Hawa sikukutana nao." Nikaingia, nikaweka wangu mezani. Mzee akamshika muda mrefu. "Huyu ndiye aliyenipiga risasi ya mguu."

Kesho yake bwana alikuja mwenyewe kwangu, mtaa wa Mlandege, kofia mkononi. "Fundi, naomba uvipake upya vyote."

"Nina vyoo leo, bwana," nikamwambia. "Na kesho pia."