Kumchapia Profesa wa Ipinda

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, nikapanda bodaboda kutoka Kyela mjini hadi Ipinda, nikiamini kwamba nakwenda kwenye maabara. Nilikuta baraza, meza moja, kakao ikikauka kwenye mikeka uani, na mzee aliyevaa sweta katika joto lile.

"Mugonile, Profesa," nilimwamkia kwa Kinyakyusa. "Mitambo iko wapi?"

"Ndaga, mwanangu." Akagonga paji la uso. "Mtambo ni huu. Siku nyingine unagoma."

Ninyi mnaoanza kazi hii ya uchapaji leo mjue kwamba fizikia ya nadharia haina chupa wala nyaya. Ni mtu, penseli, na karatasi nyingi zinazotupwa. Profesa alikuwa amefundisha vyuo vya mbali, akastaafu, akarudi kwao, lakini hesabu zilimfuata. Alikuwa anatafuta kanuni ya jinsi vitu vidogo vingi vinavyokwenda pamoja bila kiongozi, kama wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji mpaka ukadhani ni moshi. Mlinganyo alioutunga ujanani ulikuwa bado unatumika, na kila mtafiti aliyeutumia alitaja jina lake mwishoni mwa makala. Wenyewe wanaita kunukuliwa. Mimi nilimsomea makala hizo mpya kwa sauti, yeye akijifanya anakagua kakao.

Elimu yangu ni kidato cha nne, fizikia nilipata D, na juu yake nina cheti cha kompyuta. Kazi ilikuwa kuchapa alichoandika kwa mkono, alama kwa alama. Ukikosea moja, ukurasa mzima unasema uongo. Baada ya miaka miwili nilijiona nusu mwanafizikia. Niliota hata hotuba ya kupokea tuzo, naye Profesa amekaa pembeni yangu.

Ndipo akaja Daktari Banda.

Alitoka Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, kijana kama mimi, ila yeye alikuwa na shahada tatu. Walikaa mezani wakicheka juu ya alama ambazo mimi nilizichapa bila kuzielewa. Nilipika chai, nikairudisha jikoni, nikaipika tena ili nipate sababu ya kupita.

"Tusa, dada yangu, leo tangawizi imezidi," Banda alisema.

"Wasiozoea ndio huisikia," nilimjibu. Profesa akakohoa kuficha kicheko, na hilo nalo liliniuma, maana sikujua anacheka upande wa nani.

Makala yao ya kwanza ilipokuja kwangu, juu kabisa palikuwa na jina la Banda. La Profesa lilifuata. Mtu wa juzi tu, amtangulie mzee? Nikageuza majina, Profesa juu, Banda chini, nikatuma kwa jarida, nikarudi nyumbani naimba.

Baada ya wiki kadhaa wakatuletea nakala ya kukagua kabla ya kuchapishwa. Profesa aliweka kidole juu ya jina lake.

"Nani amenitanguliza?"

"Mimi, Profesa. Wewe ndiye mkubwa."

"Mwanangu, watu wa nadharia tunapanga majina kwa alfabeti. Mkubwa hayupo. B ya Banda, halafu M ya jina langu, basi. Wenzangu wakiona nimemtangulia, watasema nimevunja desturi makusudi, kwamba Banda alinishikia penseli tu. Na wiki ijayo anaingia kwenye usaili wa uhadhiri na makala hii mkononi."

Nilitaka akose kiti pale barazani. Sikutaka akose kazi.

"Barua ya kusahihisha utaandika wewe," alisema Profesa. "Na Banda utamwambia kwa mdomo wako."

Nilimwambia kesho yake, nikimmiminia chai. Alionja chai, akasema, "Kwa hiyo ulinionea wivu?"

"Bado nakuonea."

"Haya. Angalau chai ya leo inanyweka."

Jarida lilirekebisha siku mbili kabla ya usaili. Kazi akaipata, nami nilipiga vigelegele vya kweli, ingawa vilinitoka kwa shida.

Mwaka jana macho ya Profesa yalichoka, akaamua inatosha. Daftari zake zote alimkabidhi Banda. Nilifunga maboksi mwenyewe, gari likaondoka kuelekea mpakani, nikabaki nimesimama uani.

"Na mimi, Profesa? Umeniachia nini?"

Alinishangaa. "Wewe si unakuja Alhamisi?"

Naenda kila Alhamisi. Hatukokotoi chochote, tunageuza kakao na kubishana. Banda hupiga simu kutoka chuoni kwake, na kila mara huniuliza tulikuwa tunazungumza nini na Profesa.

"Mambo yetu," namjibu.