Programu Aliyomwekea Mama

Kila ndugu yangu mdogo alipokuja Isiolo mjini kutoka malishoni Kipsing, akishamaliza kikombe cha kwanza cha chai alikuwa anadai simu zetu. Alitaka kuona tumeweka programu gani. Huyu ni mchungaji wa ngamia, mtu aliyelala nje zaidi ya alivyolala ndani, lakini kwa mambo ya simu alitushinda sisi wote tunaokaa mtaa wa Wabera, na umeme ukutani.

"Bado unatumia hii?" alikuwa akiniuliza, ameishika simu yangu kwa vidole viwili. "Toa, dada. Inakula chaji bure. Nitakuwekea ingine safi."

Mimi ni mwepesi wa hasira, na mtu kunigusia simu ni moja ya mambo yanayoniwasha. Hata hivyo, siwezi kudanganya: vitu alivyopendekeza vilifaa. Ndiye aliyeniwekea ile ya kununua umeme bila kutoka nyumbani, na ile ya kupiga picha karatasi za ofisi zikatoka safi bila kivuli cha mkono wangu. Simu ya Mama aliiwekea ya visomo vya Kurani. Alimwekea pia ya kuonyesha kibla, ingawa Mama ameswali katika chumba kilekile tangu nikiwa mtoto na hajawahi kukosea upande. Kwa starehe alimletea mchezo wa kupanga matunda ya rangi moja mpaka yapasuke, na mchezo huo ulimteka Mama hadi siku moja tukala chapati nyeusi, naye akatuambia tuache maneno mengi. Yeye mwenyewe alikuwa akipakua sinema huku mjini na kwenda nazo malishoni kuwaonyesha wenzake ngamia wakishalala. Alisema huko kimya kinamchosha mtu kuliko jua.

Shida yetu ilikuwa wasiwasi wa Mama. Upande wa Kipsing kuna nyakati watu wanagombania majani na maji, na mtoto wake alikuwa hukohuko katikati. Kila asubuhi Mama alijifunga ushungi akaenda pale gari za maziwa ya ngamia zinaposhusha mitungi. Aliwauliza wanawake wa maziwa, aliwauliza madereva, aliwauliza hata abiria ambao hawakumjua. Umemwona? Alikuwa na nani? Amekonda? Mtu yeyote wa kutoka huko akipita nyumbani kwetu, alikalishwa, akapewa chai ya maziwa, akaulizwa mpaka jasho limtoke. Mimi niliona haya. Nilimwambia Mama anasumbua watu.

Ndugu yangu naye aliona hivyo. Mara ya mwisho alipokuja, aliketi na Mama kwenye mkeka akamwekea programu mpya, ya kuonyeshana mlipo. Ramani ikafunguka, na juu yake nukta ya kijani.

"Hii ndio mimi," akamwambia. "Nikiwa mbali kwa kambi, hakuna network, utaona imekuwa nyeusi. Nikifika Kipsing senta, kwa maduka, itakuwa kijani. Ukiona kijani jua niko kwa watu, niko sawa. Usiende tena kusimama kwa jua."

Mama aliangalia ile nukta kwa muda mrefu. Kisha akaigusa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemfuta mtoto usoni.

Basi nyumba yetu ikabadilika. Mama aliacha kwenda kwenye gari za maziwa. Nukta ikiwa nyeusi alinuna kidogo, ikiwa kijani alicheka na majirani na kupanga matunda yake. Alianza kulala mchana. Nilifurahi sana, na nilikuwa nikimsifu ndugu yangu ofisini kwetu kwa watu waliodhani mchungaji hajui chochote.

Kisha ikaja asubuhi nukta ilipogeuka kijani pale Kipsing, ikabaki kijani kutwa nzima, na kesho yake tukaamka tukaikuta palepale. Mama alipiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akasema amelala, ametembea sana, mwacheni apumzike.

Asubuhi hiyohiyo alikuja mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, ambaye alikuwa kambi moja na ndugu yangu. Alikuwa ameletwa na lori la mbuzi wanaokwenda mnadani, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Alitoa salamu, Mama akaitikia. Wakaulizana habari za watu, mifugo, mvua, na kila swali jibu lilikuwa ni amani, ni amani tu. Kwetu ndivyo ilivyo. Hata kama umebeba habari ya msiba, unaanza kwa amani, unakunywa chai, ndipo unafungua mdomo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimebeba mkoba, nataka kwenda kazini. Mzee akamaliza chai. Akageuza kikombe mkononi, akakohoa.

"Sasa, huyu kijana yetu," akaanza.

"Kijana nimemwona," Mama akamdakia kwa furaha. Akachukua simu, akamsogezea. "Yuko Kipsing senta. Tangu jana yuko hapo."

Mzee aliinamia kioo ijapokuwa sidhani kama alielewa ile ramani. "Amefika senta?"

"Amefika. Ona, ni huyu."

"Kwa hivyo mnajua."

"Tunajua, baba. Siku hizi tunajua kila kitu."

Nilimwona akishusha pumzi. Uso wake ulilegea, akaegemea ukuta. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi mimi sina ya kuongeza. Mungu amsimamie." Mama akaitikia amina. Akamwongezea chai, wakazungumza bei ya mbuzi, kisha mzee akaenda zake mnadani. Nami nikaenda kazini nikimwaza bosi wangu na kuchelewa kwangu.

Kesho yake mchana nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Alikuwa dereva wa pikapu. Alisema ana mgonjwa nyuma, ametolewa kambini, yuko njiani kuelekea hospitali ya Isiolo, na mgonjwa ndiye aliyempa namba yangu.

Jiwe la ukingo wa kisima lilikuwa limeporomoka wakati ndugu yangu yuko chini anateka maji ya ngamia. Likamvunja mguu, mfupa ukatoka nje. Wenzake walimfunga kwa vijiti na kitambaa, wakamlaza kivulini. Yule mzee alikuwa anatembea kwa miguu hadi barabarani kudandia lori la mjini, kwa hiyo wakamtuma kwetu tupeleke gari, nao wakabaki kutafuta gari huko porini. Mzee aliposikia kwamba ameonekana senta, aliamini gari limepatikana na mgonjwa amekwisha kufikishwa kwenye zahanati. Gari halikuwa limepatikana. Ndugu yangu alilala pale kivulini akitusubiri sisi.

Nilimkasirikia mzee. Nilimkasirikia kwa chai yake, kwa amani yake, kwa adabu iliyomzuia kusema neno moja zaidi. Lakini alipokuja hospitalini, akasimama mbele ya Mama na kofia mkononi bila kuweza kunyanyua macho, nilimsogezea kiti. Alikuwa amekuja na habari mbaya, sisi tukamwambia tunayo tayari. Nani angeng'ang'ania?

Madaktari walihangaika na ule mguu, lakini uozo ulikuwa umeshapanda. Wakaukata juu ya goti.

Alipopata nguvu ya kuketi, aliomba simu. Mama akampa yake. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Akafungua ramani, akaitazama.

"Bado niko Kipsing," akasema.

Nukta ilikuwa palepale, kijani. Ndipo akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu, kwamba simu yake ilikuwa kwa jamaa anayechajisha simu kwa sola pale senta. Kambi nzima ilitumia simu hiyo moja. Ikiisha chaji, yeyote anayeenda senta anaibeba, anaiacha dukani, na anayekuja baadaye anairudisha. Simu hutembea peke yake, mwenyewe akabaki na ngamia. Hakuwa amefikiria kutuambia. Sisi wa mjini hatuachani na simu hata chooni, kwa hiyo hatukuwa tumefikiria kumuuliza.

"Mlikuwa mnaangalia hii?" akauliza.

"Kila saa," Mama akajibu.

"Na yule mzee nilituma?"

"Alifika. Nilimwambia nimekuona."

Niliogopa ndugu yangu atalia, au Mama atalia, maana mimi nilikuwa nimeshaanza. Akabonyeza ile programu kwa kidole gumba mpaka ikatoka kwenye kioo.

"Iko ingine nzuri kuliko hiyo," akaanza kusema kwa mazoea, "hiyo nitakuwekea..." Akaishia hapo.

Mama akamchukulia simu mkononi, polepole, akaifunika chini ya ushungi wake. "Usiniwekee," akamwambia. "Nirudishie tu wasiwasi yangu. Ukirudi Kipsing, mimi nitauliza watu."

Ndugu yangu alitazama pale shuka lilipokuwa limelala bapa chini ya paja lake, kisha akanitazama mimi.

"Sawa, Mama," akamjibu. "Nikirudi, utauliza watu."