Sufuria ya Kitambaa Chekundu

Jirani yangu hapa Bombolulu ni Mkamba, Mkristo asiyekosa kanisa, na mimi ni Mswahili ambaye wazee wangu hawakumbuki kuhamia kutoka popote. Ukuta unaotutenga ni mwembamba. Akipiga chafya, mimi huku namwombea afya. Watoto wake walijua kuniamkia shikamoo kabla ya kujua kufunga viatu, na wangu wamekula kwake mpaka wakachagua mahali pao pa kukaa.

Walikula kwa sababu ya sufuria moja. Ilining'inia jikoni kwake kwenye msumari wa peke yake, mpini wake umefungwa kitambaa chekundu alichokichana kutoka leso yangu kuukuu. Kwao nguruwe huliwa, na yeye hakunificha hilo tangu siku ya kwanza. Ila sufuria ile haikupata kuiona nyama hiyo, wala mwiko wake haukuazimwa na sufuria nyingine. Mgeni wake akitaka kuichukua kupashia chochote, alipigiwa kelele mpaka mimi nasikia huku kwangu.

Akiwa na shughuli, alikuja mlangoni alfajiri na jogoo mkononi. "Hodi jirani. Baba yuko? Huyu anamtaka yeye." Mume wangu alikuwa ametoka kuswali, akachukua kisu chake, akamwelekeza jogoo kibla, akasoma bismillahi, akachinja. Na Krismasi, siku ambayo watu wake wote hukusanyika, nyama ya nguruwe haikuingia nyumba ile kabisa. Alisema hataki mkono wa mtu ukosee sahani. Mchana pilau ilivuka kuja kwetu, na mimi Idi yangu ilivuka kwenda kwao. Hapakuwa na cheti wala muhuri, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Muhuri ulikuja na binti yangu. Ameolewa Kisauni, na kila akija kunitazama huanza na kabati langu la vyakula. Anageuza pakiti moja moja akitafuta alama ya halali. Siku ya kwanza alivitupa jaani vidonge vyangu vya mchuzi, nikapandwa na hasira.

"Mwanangu, vidonge hivi nimekulisha tangu huna meno. Leo vimekukosea nini?"

"Mama, wewe wamjua aliyevitengeneza? Wajua mafuta yake ni ya mnyama gani, kachinjwa na nani?"

Sikumjua. Akanieleza kwamba kiwandani kitu hupita mikono ambayo hutaiona maisha yako yote, na muhuri maana yake kuna mtu ameingia kule badala yako, akatazama, akatoka kusema kula. Lilikuwa neno la haki, na hata leo nalisema ni la haki.

Mzee wa duka la pembeni alininung'unikia kwamba ukaguzi ule haufanywi bure. Mwenye kiwanda hulipa ada, na ada yenyewe hujificha ndani ya bei. "Mlipaji wa mwisho ni wewe mwenye kikapu," akasema. Nikamjibu kwamba roho yangu ikitulia, nalipa. Na nikalipa, tena nikaona raha. Nikaanza kuvaa miwani dukani. Nikaanza kuchungulia vikapu vya wenzangu na kuguna. Binti yangu alikuwa ametia moto, lakini kuni nilipanga mwenyewe.

Basi mwaka jana binti wa jirani akahitimu uuguzi, kukafanywa sherehe. Jogoo waliletwa kwetu alfajiri kama kawaida, mume wangu akachinja. Mchana tulikwenda, mimi na binti yangu, tukakalishwa mbele pamoja na shangazi zao waliotoka Machakos. Sahani za kutangulia zikapita: viazi karai, kachumbari, na soseji zilizokatwa vipande na kuchomwa vijiti. Nikachukua kijiti kimoja.

Binti yangu akainama kidogo, lakini sauti yake haikuinama. "Mama mdogo, samahani. Soseji hizi pakiti yake iko wapi?"

Jirani yangu akadhani hajasikia vizuri. "Pakiti?"

"Ndiyo. Nione muhuri tu."

Hapo ndipo mahali pangu palipokuwa. Nilikuwa na mdomo, na mdomo wangu mtaa mzima waujua. Ningecheka, ningemfinya paja, ningetia kile kipande kinywani na mambo yangekwisha. Sikufanya hata moja. Niliangalia kijiti, nikakirudisha kwenye sahani polepole, mbele ya shangazi zao wote. Jirani aliona. Hakumtazama tena binti yangu, alinitazama mimi.

Akaenda jikoni. Tulimsikia akifunua pipa la taka, akipekua maganda ya viazi. Akarudi na pakiti imelowa mafuta ya kuku, anaifuta kwa upindo wa gauni lake jipya, lile la sherehe ya mwanawe. Akaipigapiga ilale sawasawa kiganjani ili alama ionekane. Ilikuwepo. "Nilishuka mpaka mjini kuitafuta hii," akasema. "Hapa dukani zilikuwa za bei nafuu, lakini hazina alama. Nikawafikiria."

Binti yangu akasoma, akamrudishia. "Hii iko sawa."

Kwa aibu nikakirudia kile kijiti, nikala. Nikala cha pili na cha tatu, nikaomba na viazi, nikasifu chumvi. Nilikula mpaka shangazi mmoja akanitazama kwa huruma. Jirani alisimama akiwa bado ameshika pakiti, hajui aipeleke wapi.

Kurudi nyumbani nilimpasulia binti yangu. Nikamwambia amenivua nguo. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu, "Mama, mimi nimeuliza chakula. Sikumuuliza mtu." Halafu akaongeza, "Na mimi sikurudisha kijiti."

Nililala na neno lile. Muhuri tumewekewa kwa sababu ya mtu tusiyemjua. Huyu jirani mimi namjua. Najua anavyokohoa, najua sufuria zake kwa majina, na nilikaa nikangoja pakiti inithibitishie kwamba yeye ni mtu wa kuaminika.

Asubuhi nikampelekea katlesi, zile anazozipenda, na nikaanza kuomba radhi. Hakunipa nafasi hata ya kumaliza. "Hakuna neno, jirani. Dini ni dini. Mngesema mapema tu, ningejua." Akacheka vizuri, akaniuliza hali ya goti langu. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana kuna pa kushika, lakini yeye alinipokea kwa heshima, na sisi hatukuwa watu wa heshima. Tulikuwa watu wa kuingiliana jikoni bila hodi.

Ikaja Krismasi. Mume wangu alinoa kisu baada ya alfajiri, akakaa barazani. Kukapambazuka, jua likatoka, wageni wa jirani wakaanza kuingia na vifurushi, na jogoo hakuletwa. "Labda wamechelewa," akasema. Baadaye alikifunga kisu kwenye kitambaa chake, akaingia ndani.

Adhuhuri jirani akabisha hodi, yeye mwenyewe, na sinia imefunikwa kitambaa safi. Nikafunua. Biskuti za pakiti, sharubati ya boksi, na soseji zingali na barafu. Kila kitu kimepangwa alama ya halali ikiangalia juu, ili nisihangaike kugeuza.

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Sijafungua hata moja."

Aliposhika njia nikabaki nimesimama na sinia mpaka barafu ikaanza kunidondokea miguuni. Mume wangu akatokea nyuma yangu, akatazama, akauliza, "Na pilau?"

Nikaweka sinia chini, nikajitupia leso kichwani, nikazunguka ukuta. Nilipita kati ya wageni wake moja kwa moja mpaka jikoni, kama zamani. "Jirani," nikasema, "biskuti nimezipokea, ahsante. Lakini mimi nataka pilau yako. Nipakulie, nile hapa hapa nimesimama. Sitauliza kitu."

Uso wake ukabadilika. Hakukasirika. Alihuzunika, na huzuni ile ilikuwa kwa ajili yangu. Akaweka mwiko chini.

"Wallahi, jirani," akasema, kiapo chetu alichokizoea kwa miaka ya kukaa nasi, "ungeniambia jana. Nilijua hamtakula. Watu wa nyumbani wakataka nguruwe, nikaona mwaka huu namkatazia nani?"

Nikatazama msumari. Ulikuwa mtupu. Sufuria ilikuwa juu ya moto, imejaa, inachemka, na kile kitambaa chekundu alikuwa amekifungua kwenye mpini wake, amekikunja vizuri, amekiweka dirishani.

Akakichukua akanipa. "Ni cha leso yako," akasema.