Kitabu Kizito Nilichomnunulia Binti Yangu

Shule niliiacha darasa la tano, lakini hapa Kilosa ukimuuliza yeyote habari za mpunga atakuelekeza kwangu. Mashine ya kukoboa ni yangu. Gunia nikilinyanyua tu, najua ndani kuna mpunga au mapepe matupu. Kwa hiyo binti yangu, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja Mikumi, aliposema anataka kufanya mtihani wa kuombea nafasi ya kusomea biashara ng'ambo, kitabu nilikwenda kukinunua mwenyewe Morogoro.

Mama muuzaji wa duka la vitabu alinipa viwili. Nikavipima kwa mikono.

"Mzee, hicho chembamba ndicho kipya. Mtihani umebadilika."

"Mama, mimi nanunua mizigo tangu hujafungua duka. Nipe kizito."

Kitabu kile kilikuwa na sehemu ya insha. Basi kila Jumapili mchana binti alinipigia simu, akanisomea insha yake akiigeuza Kiswahili, nami nikatoa maksi. Chini ya tisa kwa kumi sikuwahi kutoa. Na spika niliweka, majirani wasikie.

Ulipobaki mwezi mmoja kabla ya mtihani, nikampelekea mchele Mikumi. Nilikuta kitabu changu amekijaladia kwa kaki, kama daftari la darasa la kwanza, kisha amekiweka chini ya kompyuta ili iinuke.

"Shikamoo baba." Alisimama kama mtu aliyekamatwa.

"Marahaba. Mbona kitabu kimekuwa kigoda?"

Akacheka, halafu akainama. Akasema insha ilikwisha kuondolewa kwenye mtihani. Jometri nayo. Kimeletwa kipande kipya cha kusoma majedwali na grafu, na hapo ndipo alipokuwa akianguka kila zoezi.

"Ulijua lini?"

"Siku uliyokileta."

"Na insha zote zile?"

"Ulikuwa unazifurahia, baba."

Nikakaa juu ya kiroba cha mchele. Mimi, ambaye kukiri kosa sijazoea, nikasema, "Yule muuzaji aliniambia, mwanangu. Nikamkatalia."

Kisha nikamwambia anitafsirie jedwali moja. Alianza kunisomea kila safu, kila namba. Nikamkatiza. "Mkulima wa kijiji cha Zombo akiniletea mpunga ananisimulia mvua, barabara, hadi shemeji yake. Mimi nataka mawili tu: umekauka? Una mapepe? Anza na swali, kisha nenda kachukue unachotaka."

Akajaribu, akapata. La pili akakosa. La tatu akapata. Tuliendelea hivyo mpaka zamu yake ya jioni, nikaondoka nikimwagiza asinipigie Jumapili, asome.

Jumapili nne nilikaa na simu mapajani. Hodari wa mpunga wilaya nzima, nikiitazama simu kama kifaranga anayetaka kufa.

Alama alizipata, na chuo alichokitaka kikamkubali. Jumapili baada ya habari hiyo, simu ikalia.

"Baba, nimeandika insha."

"Mtihani si umekwisha?"

"Umekwisha."

Nikazima mashine. Siku hiyo spika sikuweka.