Mkunja Shuka

Siku ya kwanza kumwona mkunja shuka wa hospitali, mpiga pasi alidhani mama yule anazungumza peke yake. Shuka hukunjwa na watu wawili, kwa hiyo yeye alishika ncha mbili na mama akashika nyingine. Kwenye mkunjo wa kwanza mama akanong'ona, "Bwana, goti la mjukuu wangu." Kwenye wa pili, "Nimekuachia." Wa tatu aliukunja kimya, akaupapasa kwa vidole vilivyosinyaa kwa maji na sabuni, kisha akauliza kama nje kuna mvua. Ndivyo alivyofanya kila siku. Aliingia asubuhi na uso mzito, jioni akatoka anapiga mluzi.

Mpiga pasi hakuwa mtu wa kuchekesha watu, lakini jioni moja alijaribu. Mama alipotoka, alijitanda shuka akamwiga: "Bwana, goti! Bwana, kandambili yangu imekatika!" Wafuaji wakaangua kicheko, halafu wakanyamaza ghafla. Mama alikuwa mlangoni na kapu lake. Mpiga pasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mke wake alikuwa ghorofani, chumba cha upasuaji. Hakumwambia mtu, na kicheko kile alikitafuta ili asitetemeke.

Mama alikuwa anastaafu jioni ileile. Hakununa. Alitua kapu, akashika ncha za shuka, akamngoja. Mkunjo wa kwanza ukapita, mpiga pasi ameinamisha kichwa.

"Mtaje, mwanangu," mama akasema. "Nilimwona mkeo nilipopeleka shuka ghorofani. Mimi nimemtaja tangu asubuhi, lakini mume ni wewe."